Bonde la Shauri Moyo: Mgomo Mkuu wa 1950 na Usemi wa Haki Mjini Nairobi

Utangulizi

Mgomo mkuu uliotokea Nairobi mnamo Mei 1950 umezoeleka kusimuliwa kama historia ya watu wawili. Wa kwanza ni Makhan Singh, mzaliwa wa Punjab aliyefika Kenya mwaka 1927 akiwa kijana wa miaka 14 hivi, akafanya kazi katika kiwanda cha uchapaji cha baba yake na hatimaye akawa mwanzilishi mkuu wa vyama vya wafanyakazi nchini. Wa pili ni Fred Kubai, kiongozi wa wafanyakazi wa uchukuzi, ambaye miaka miwili baadaye alikuwa miongoni mwa washtakiwa sita wa Kapenguria. Usimulizi wa namna hiyo una msingi wake. Wawili hao ndio waliounda East African Trade Union Congress (EATUC) tarehe 1 Mei 1949, na kukamatwa kwao ndiko kulikowasha mgomo. Hata hivyo, usimulizi huo unakabiliwa na tatizo moja ambalo aghalabu hupitiwa juu juu. Viongozi hao walitiwa mbaroni tarehe 15 Mei 1950, na mgomo ukaanza tarehe 16 Mei. Kwa maneno mengine, tukio linalohusishwa na majina yao lilitendeka wakiwa kizuizini.

Makala hii inakusudia kulichunguza tatizo hilo kwa kuhamisha mtazamo kutoka kwa viongozi na kuuelekeza mahali, yaani katika mtaa wa Shauri Moyo na bonde lililo jirani yake, ambako wagomaji walikutana. Nadharia ya fasihi simulizi inatoa nyenzo zinazofaa kwa kazi hiyo. M. M. Mulokozi (1989), alipoainisha tanzu za fasihi simulizi, alieleza kwamba fasihi hiyo huzaliwa katika uhusiano wa fanani, hadhira, fani inayotendwa, tukio, mahali na wakati. Haidaiwi hapa kwamba mgomo ni ngano au utenzi. Linalodaiwa ni kwamba mgomo nao una watendaji, una wanaosikiliza, una maneno yanayotamkwa mahali maalumu kwa wakati maalumu, na kwamba ukitazamwa hivyo hubainisha jambo lisiloonekana katika historia ya viongozi. Hoja kuu ni hii: katika bonde la Shauri Moyo hadhira iligeuka kuwa fanani, na usemi iliouunda uliunganisha haki ya rangi na haki ya mkate kwa namna ambayo siasa za baadaye hazikuweza kuidumisha.

Jina na Mahali

Shauri Moyo ni mtoto wa Pangani. Kabla ya mwaka 1939 Pangani ya Nairobi ilikuwa kijiji cha Waafrika waliojijengea nyumba zao wenyewe. Waliokaa humo walikuwa waliokuwa wapagazi, askari wastaafu, wafanyabiashara wadogo, Waislamu wa asili mbalimbali waliojiita Waswahili, pamoja na wanawake wengi waliomiliki nyumba na kuzikodisha. Serikali ya Manispaa ilikuwa imepanga tangu mwanzoni mwa miaka ya 1920 kwamba Waafrika wahamie Pumwani, penye eneo walilotengewa rasmi. Pangani ilichelewa kubomolewa kwa muda mrefu, lakini mwishoni mwa miaka ya 1930 zamu yake ilifika. Mtaa wa Shauri Moyo ulijengwa mwaka 1938 ili kuwapokea waliohamishwa, na katika mwaka uliofuata Pangani ya Waafrika ikatoweka.

Tofauti ya mitaa hiyo miwili haikuwa ya matofali na mabati peke yake. Katika Pangani nyumba ilikuwa ya aliyeijenga, naye aliweza kupangisha vyumba, kuiuza au kuwarithisha aliowataka. Katika Shauri Moyo mwenye nyumba alikuwa Manispaa. Mwafrika wa mjini aligeuzwa mpangaji katika ardhi ambayo sheria ilimwona kuwa mgeni wa muda. Waliopoteza zaidi katika mabadiliko hayo walikuwa wanawake wenye nyumba, kwa kuwa uchumi wa mji uliwapa njia chache mno nyingine za kujitegemea.

Jina la mtaa linastahili kuzingatiwa. Majina ya mitaa ya Nairobi ya mashariki yamejaa faraja: Pumwani, mahali pa kupumua, Starehe, Bahati. Shauri Moyo halina faraja ya namna hiyo. Maelezo yanayosikika mara nyingi hulihusisha na kuhamishwa kwa watu wa Pangani. Kuhamia huko lilikuwa shauri la moyo wa mtu, na aliyekataa alijua kwamba nyumba yake ingebomolewa vivyo hivyo. Maelezo hayo yanaafikiana na mwundo wa jina lenyewe. Katika Kiswahili, mtu anapoambiwa “shauri lako”, au “shauri yako” kama isemwavyo bara, hapewi ushauri bali anaachiwa mzigo. Uamuzi unaonekana kuwa wake ilhali mazingira ya uamuzi yamekwisha kupangwa na mwingine. Jina “Shauri Moyo” limebeba kejeli hiyo hiyo, na kwa kudondosha kihusishi cha a-unganifu limekwepa hata mzozo wa kisarufi baina ya “la” ya pwani na “ya” ya bara. Ni jina la wote waliohamishwa, bila kujali walikotoka. Wakati huo huo, neno “moyo” linaacha mlango wazi, kwa maana moyo ndio unaopigwa konde. Mtaa ulioanzishwa kwa amri ulipewa jina linalosema kwamba neno la mwisho ni la moyo wa mkazi.

Mazingira ya mtaa nayo yana umuhimu. Ng'ambo ya barabara ambayo leo huitwa Jogoo kulijengwa mtaa wa Kaloleni katika miaka ya 1940, wenye ukumbi wa jamii uliokuwa miongoni mwa mahali pachache ambapo Waafrika wangeweza kukutana chini ya paa. Upande wa magharibi kulikuwa na Muthurwa, makazi ya wafanyakazi wa reli, na upande wa kaskazini Pumwani. Katikati palikuwa na bonde na uwanja wa wazi, sehemu inayojulikana kama Kamukunji. Mfanyakazi wa reli, dereva wa teksi, mtumishi wa nyumbani, mchuuzi na mtu asiye na kazi waliweza kufika hapo kwa mwendo mfupi wa miguu. Wapangaji wa mji waliiweka mitaa ya Waafrika mahali pamoja ili iwe rahisi kuidhibiti. Ukaribu huo huo ndio uliowawezesha wakazi kukusanyika.

Nairobi Mbili

Katika mwaka 1950 rangi ya mtu mjini Nairobi iliamua mshahara wake, mtaa wake, shule ya watoto wake na hospitali aliyotibiwa. Mishahara ilipangwa katika ngazi tatu, Mzungu juu, Mwasia katikati na Mwafrika chini, hata pale ambapo kazi ilikuwa moja. Tangu mwaka 1920 wanaume Waafrika walilazimika kubeba kipande kilichoandikwa kazi na mshahara wao. Ingawa mfumo huo ulibadilishwa mwishoni mwa miaka ya 1940, msako wa polisi haukukoma. Sheria ya mwaka 1949 kuhusu watu waliodaiwa kukaa bila kazi kwa hiari iliwapa maofisa uwezo wa kuwaondoa mjini wale walioonekana kuwa hawana ajira. Kwa mkazi wa Shauri Moyo sheria hiyo ilikuwa na sura mahususi: ilikuja usiku, ikagonga mlango, ikauliza nani analala chumbani.

Tarehe 30 Machi 1950 Nairobi ilipewa hadhi ya jiji kwa Hati ya Kifalme, na Mtawala wa Gloucester alihudhuria sherehe. EATUC iliwataka wafanyakazi wazisusie. Hoja yake ilikuwa kwamba palikuwapo Nairobi mbili, ya matajiri na ya maskini, na kwamba Nairobi ya pili haikuwa na jambo la kushangilia. Palikuwapo pia hofu kwamba kupanuliwa kwa jiji kungemeza ardhi zaidi ya Waafrika waliokuwa jirani, na historia ya Pangani iliipa hofu hiyo uzito.

Ni muhimu kuona namna wito huo ulivyoundwa. Sherehe ya jiji ilikuwa utendaji uliokuwa na fanani wake, yaani Gavana, Mtawala na Meya, na Waafrika walitarajiwa kuwa hadhira: wasimame kando ya barabara, wapunge mikono, wapokee. Kususia ni kukataa kuwa hadhira. Aidha, mgawanyiko uliotajwa ulikuwa wa kitabaka zaidi kuliko wa rangi. Katika mji ambamo kila kitu kiligawanywa kwa rangi, kusema kwamba kuna Nairobi ya matajiri na Nairobi ya maskini kulimpa fundi seremala wa Kipunjabi nafasi ya kusimama upande mmoja na mpagazi wa Muthurwa.

Ushirika wa Kaloleni

Ushirika huo haukuzuka ghafla. Katika miaka ya 1920 Harry Thuku alishirikiana na Manilal Ambalal Desai, mwandishi wa habari aliyempa nafasi ya kuchapa na kusambaza madai yake. Mwaka 1935 Makhan Singh alikuwa katibu wa chama kilichokuwa cha wafanyakazi wa Kihindi, na mwaka huo huo chama hicho kilibadilishwa jina kikawa Labour Trade Union of Kenya na kufunguliwa kwa watu wa rangi zote. Matangazo yake yalitolewa kwa lugha kadhaa, Kiswahili kikiwamo. Mgomo wake wa mwaka 1937 uliwapatia mafundi nyongeza ya mshahara. Kwa sehemu kubwa mgomo huo ulikuwa wa Waasia, lakini ulionyesha kwamba mwajiri aliweza kulazimishwa.

Kutoka pwani kulikuja funzo jingine. Mnamo Januari 1947 wafanyakazi wa Mombasa waligoma mji mzima, wakakutana kila siku katika uwanja wa Kiembeni, na African Workers Federation iliyoongozwa na Chege Kibachia ikazaliwa. Kibachia alipojaribu kuueneza mwamko huo Nairobi alikamatwa, Agosti 1947, akahamishiwa mbali. Mombasa ilikuwa imethibitisha mambo mawili: kwamba wafanyakazi wa makabila mengi waliweza kugoma kwa pamoja wakitumia Kiswahili, na kwamba uwanja wa wazi uliweza kuwa bunge.

Kilele cha ushirika huo kilikuwa mkutano wa tarehe 23 Aprili 1950 katika ukumbi wa Kaloleni, ulioitishwa kwa pamoja na Kenya African Union (KAU) na East African Indian National Congress. Katika mkutano huo Makhan Singh alitoa hoja kwamba suluhisho la kweli ni uhuru kamili wa nchi za Afrika Mashariki na mamlaka kamili ya watu wake. Dai hilo kwa kawaida huhesabiwa kuwa la kwanza la aina yake kutolewa hadharani nchini Kenya kwa uwazi huo. Wiki tatu baadaye alikamatwa.

Wanahistoria wengi huishia katika maneno ya Makhan Singh. Mhakiki wa fasihi hana budi kuuliza pia kuhusu mahali na wasikilizaji. Dai la uhuru wa Afrika Mashariki halikutolewa katika Baraza la Kutunga Sheria wala katika hoteli ya mjini kati. Lilitolewa na mtu wa asili ya Kiasia katika ukumbi wa mtaa wa Waafrika, mbele ya hadhira ya mtaa, na hadhira hiyo ililipokea kuwa lake. Tofauti baina ya kauli inayosemwa kwa niaba ya watu na kauli inayokubaliwa na watu hupimwa kwa yale wanayoyatenda msemaji asipokuwapo. Kipimo hicho kilifika tarehe 15 Mei.

Siku Tisa Bondeni

Makhan Singh na Kubai walishtakiwa kwa kuwa maofisa wa chama ambacho hakikuandikishwa, kwa kuwa serikali ilikuwa imekataa kuisajili EATUC. Mgomo ulioanza siku iliyofuata uliendelea kwa muda wa siku tisa hivi. Reli, viwanda, hoteli, nyumba za Wazungu na huduma za jiji ziliguswa. Mgomo ulienea hadi miji mingine, na Mombasa iliunga mkono kwa siku mbili. Makhan Singh, katika historia ya vyama vya wafanyakazi aliyoichapisha mwaka 1969, alikadiria kwamba walioshiriki walizidi 100,000. Serikali ilijibu kwa askari, magari ya deraya, ndege na gesi ya kutoza machozi. Mamia walikamatwa.

Wagomaji walikutana bondeni jirani na Shauri Moyo. Kumbukumbu za washiriki zinautaja moto mkubwa uliokokwa hapo na kuachwa ukiwaka usiku na mchana. Moto huo ni ishara inayoeleweka katika mila nyingi za waliokusanyika. Ni moto wa jikoni uliotolewa nje, moto wa ngano uliohamishwa kutoka uani kwa bibi hadi uwanja wa umma, na moto wa mkesha. Ulikuwa pia na kazi ya kawaida kabisa. Aliyetoka Makongeni au Pumwani gizani, bila gazeti wala redio ya kumweleza kama mgomo ungali hai, aliweza kuinua macho na kujua. Polisi waliweza kuutawanya umati kwa gesi, lakini kila moto ulipoonekana tena palikuwa na ujumbe kwamba watu wamerudi.

Hapa ndipo dhana ya fanani na hadhira inapotoa faida. Katika mkutano wa Kaloleni palikuwa na jukwaa. Msemaji alisimama na wasikilizaji waliketi. Bondeni hapakuwa na jukwaa la kudumu. Viongozi wakuu walikuwa kizuizini, na wale waliobaki walilazimika kujificha. Nafasi ya fanani ilibaki wazi, na waliokuwa hadhira waliijaza kwa zamu: mmoja alileta habari za reli, mwingine za viwanda, mwingine kuni. Kwa desturi ya fasihi simulizi hilo si jambo geni, kwa kuwa hadhira ya ngano huitikia, huimba kiitikio, humsahihisha msimulizi, na pengine humpokea anapochoka. Upya wa bondeni ni kwamba desturi hiyo ilitumika kuendesha mji.

Madai kama Matini

Madai yaliyotolewa na wagomaji yanajulikana. Walitaka Makhan Singh, Kubai na Kibachia waachiliwe. Walitaka kima cha chini cha mshahara kiwe shilingi 100 kwa mwezi, kiasi kilichozidi kwa mbali kilichokuwapo. Walitaka sheria ndogo ndogo zilizowabana madereva wa teksi zifutwe, sheria ambazo zilikuwa zimesababisha mgomo wa madereva hao mwaka 1949. Walitaka wafanyakazi wasikamatwe usiku majumbani mwao. Na walitaka uhuru wa wafanyakazi wote na wa nchi za Afrika Mashariki.

Yakisomwa haraka, madai hayo yanaonekana kuwa mchanganyiko usio na mpango, dogo likiwa kando ya kubwa. Maofisa wa serikali waliuchukua mchanganyiko huo kuwa ushahidi kwamba mgomo ulikuwa wa kisiasa na kwamba suala la mshahara lilikuwa kisingizio. Usomaji makini unaleta matokeo tofauti. Hakuna dai hata moja linalolitaja kabila au rangi, ingawa kila moja linalenga ubaguzi wa rangi. Miongoni mwa watatu wanaodaiwa kuachiliwa, mmoja ni Mwasia na wawili ni Waafrika, na hawakutenganishwa. Dai la shilingi 100 kwa wafanyakazi wote linavunja kimyakimya ngazi tatu za mishahara. Dai la kutokamatwa usiku linazungumzia chumba cha mpangaji wa Shauri Moyo, na dai la uhuru linazungumzia nchi zote za Afrika Mashariki. Kati ya chumba na nchi hapakuwekwa ukuta, kwa sababu katika maisha ya waliodai, ukuta huo haukuwapo. Askari aliyegonga mlango usiku alikuwa dola yote kwa aliyekuwa ndani.

Kuna haja ya kulinganisha usemi huo na namna mgomo unavyochorwa katika fasihi andishi ya Kiswahili. Katika Dunia Mti Mkavu (1980), riwaya ya Said A. Mohamed inayohusu mgomo wa Zanzibar wa mwaka 1948, na katika Kilio cha Haki (1981), tamthilia ya Alamin Mazrui inayohusu wafanyakazi wa shamba la mlowezi, mwamko wa kitabaka hukua pamoja na kukua kwa mhusika anayeuelewa kuliko wenzake. Huo ni mbinu halali wa sanaa, na katika tamthilia ya Mazrui umepewa uzito wa pekee kwa kumfanya kiongozi huyo kuwa mwanamke. Hata hivyo, mgomo wa 1950 unatia shaka kanuni hiyo. Ulipopokonywa wahusika wake wakuu mwanzoni kabisa, haukuporomoka. Mhakiki anayetafuta shujaa katika bonde la Shauri Moyo atapata wingi, na fasihi andishi ingali na deni la kubuni namna ya kuusimulia wingi huo.

Mipaka ya Ushirika

Ingekuwa kosa kuugeuza mgomo huu kuwa hekaya ya undugu usio na doa. Kwanza, wafanyabiashara wengi wa Kiasia hawakuwa upande wa wagomaji, na kwa mfanyakazi Mwafrika aliyekopa unga dukani, Mwasia alikuwa kwanza mwenye duka, si mwenzake wa chama. Pili, baadhi ya viongozi Waafrika wenye nafasi katika Baraza la Jiji na katika uongozi wa KAU waliupinga mgomo. Mpaka wa kitabaka uliotajwa na EATUC ulipita pia ndani ya Waafrika wenyewe. Tatu, wanawake hawaonekani katika orodha ya madai. Wanawake wenye nyumba walipoteza mali Pangani ilipobomolewa, na wauza chakula walikuwa sehemu ya uchumi wa mitaa iliyogoma, lakini usemi rasmi wa mgomo ulimtambua mtu kama mpokea mshahara, na wengi wa wanawake hao hawakupokea mshahara. Moto wa bondeni ulihitaji kuni, na siku tisa bila mshahara zilihitaji mkopo na chakula. Historia ya waliovitoa haikuandikwa katika tangazo lolote.

Mpaka wa nne ulikuja baadaye, nao ndio mzito zaidi. Mgomo ulimalizika bila madai kutekelezwa. Makhan Singh alipelekwa mbele ya Jaji Ransley Thacker mjini Nyeri, huyo huyo aliyekuja kuwahukumu washtakiwa wa Kapenguria mwaka 1953, na akazuiliwa Lokitaung, kisha Maralal na Dol Dol, hadi Oktoba 1961. Njia ya chama cha wazi ilipofungwa, sehemu kubwa ya harakati ilihamia katika kiapo. Kubai na Bildad Kaggia, ambaye aliiongoza Labour Trade Union of East Africa baada ya kukamatwa kwa Makhan Singh, walikuwa katika pande zote mbili. Kiapo kilikuwa na nguvu ambayo mkutano wa hadhara haukuwa nayo, kwa kuwa kilihifadhi siri. Lakini kwa sehemu kubwa kilitendwa kwa Kigikuyu, na hadhira yake ilikuwa ya waliokwisha kuingia. Kiswahili cha bondeni kilimwita yeyote apitaye. Lugha ya kiapo ilimtambua wa ndani. Hapana sababu ya kulaumu, kwani ukandamizaji ndio uliochagua uwanja. Hata hivyo gharama yake haina budi kutajwa.

Serikali iliitambua gharama hiyo na kuitumia. Operesheni Anvil, iliyoanza tarehe 24 Aprili 1954, iliizingira mitaa ya mashariki ya Nairobi na kuwatenga wakazi kwa makabila. Zaidi ya watu 20,000, wengi wao Wagikuyu, Waembu na Wameru, walipelekwa vizuizini. Watu ambao miaka minne kabla walikuwa “wafanyakazi” kando ya moto mmoja waliondolewa katika vyumba vyao wakiwa wa kabila hili au lile. Tukio hilo lilibadilisha idadi ya wakazi, na pia lilijaribu kufuta nomino ambayo mgomo uliiunda.

Jina Linapogeuka Nomino

Kufuta hakukukamilika, na ushahidi wake ni wa kileksika. Jina la uwanja ulio jirani na Shauri Moyo limekuwa nomino ya kawaida katika Kiswahili cha Kenya. Kuitisha kamukunji ni kuita watu wakutane hadharani, aghalabu bila kibali na bila jukwaa, wajadili jambo linalowakera. Wanafunzi wa vyuo vikuu huitisha kamukunji ndani ya mabweni, na wanasiasa huitisha kamukunji katika miji ambako hakuna anayeujua uwanja wenyewe. Ni nadra kwa jina la kiwanja kupata maana ya kitendo. Neno “Kiembeni” halikufika huko, ingawa mgomo wa Mombasa ulikuwa mkubwa.

Sababu moja ni kwamba uwanja huo uliendelea kutumika. Tarehe 7 Julai 1990, siku iliyokuja kuitwa Saba Saba, wananchi walielekea Kamukunji kwa ajili ya mkutano wa kudai vyama vingi ulioitishwa na Kenneth Matiba na Charles Rubia. Matiba na Rubia walikuwa wamewekwa kizuizini siku tatu kabla, yaani tarehe 4 Julai. Serikali iliukataza mkutano, watu wakaja, polisi wakawashambulia, na ghasia zikaendelea kwa siku kadhaa. Mfanano na mwaka 1950 ni wa kushangaza: viongozi wanakamatwa, na watu wanafika hata hivyo. Tarehe 18 Januari 1992, baada ya katiba kubadilishwa kuruhusu vyama vingi, FORD ilifanya hapo mkutano wake mkubwa wa kwanza ulioruhusiwa. Waliofika wengi hawakuwa wamezaliwa mwaka 1950. Hapana haja ya kudhani kwamba waliukumbuka mgomo. Inatosha kusema kwamba mahali palikuwa pamehifadhi namna ya kutenda, na jina lilikuwa limehifadhi maana yake.

Hitimisho

Makala imejaribu kuonyesha kwamba mgomo mkuu wa 1950 haueleweki vyema kwa kuwatazama viongozi wake pekee. Bila Makhan Singh na Kubai wasingalikuwapo EATUC, wito wa kususia sherehe za jiji wala dai la Kaloleni. Lakini usemi wa mgomo, yaani ule uliounganisha chumba na nchi, mshahara na uhuru, Mwasia na Mwafrika, ulithibitishwa na umati wa mitaa katika siku ambazo hakuna kiongozi aliyeweza kuuamuru. Makhan Singh alifariki mwaka 1973 bila kupewa wadhifa wowote wa maana katika Kenya huru. Mara nyingi hilo huelezwa kama usahaulifu wa taifa kwa mtu mmoja. Lingeweza kuelezwa pia kama usahaulifu wa taifa kwa hadhira iliyomsikiliza, kwa kuwa siasa zilizojengwa juu ya hesabu za makabila hazina nafasi ya kumkumbuka mtu aliyefuatwa na watu wasio wa kabila lake.

Pengine ndiyo maana jina la mtaa bado lina jambo la kuwafunza wanaolisoma. Walioamriwa kuhama Pangani waliambiwa kwamba ni shauri la mioyo yao, nalo halikuwa. Miaka 12 baadaye, katika bonde lililo hatua chache kutoka milango yao, watu wa mtaa huo na wa mitaa jirani walifanya uamuzi ambao hakuna aliyewapangia. Kwa siku tisa jina lilikuwa na maana yake halisi.